Mama Maabara wa Kiboriloni na Betri za Watu wa Mlima

Ukimpa betri, kwanza aliinusa. Hakuipima wala hakuiangalia. Aliisogeza puani kama mtu anayenunua samaki, akafumba macho. Betri nzima, alisema, haina harufu. Ikianza kunukia utamu utamu, kama rangi ya kucha, ujue imeshaanza kuvuja, na mwenye nayo anatembea na jiko mfukoni. Baada ya kunusa alivaa miwani, na baada ya miwani ndipo alipokuitikia shikamoo yako, kama bado alikuwa anaikumbuka.

Tulimwita Mama Maabara. Alikuwa ametunza maabara ya shule ya sekondari kule Old Moshi, shule niliyosoma mimi, na walimu wakuu walikuja na kuondoka wakamwacha palepale. Hakuwa mwalimu. Sikuwahi kumwona ameshika chaki. Lakini tulichokielewa kuhusu umeme tulikielewa kwake, asubuhi akiwa anapanga nyaya mezani na mwalimu bado yuko ofisini anakunywa chai. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe: "Huu mwekundu haugusani na ule mweusi. Wakigusana wanagombana, na wakigombana anayeumia ni wewe." Mtihani ukija, hilo ndilo tuliloliandika.

Alipostaafu, wengine wakifuga kuku, yeye alishuka Kiboriloni akakodi kibanda upande wa juu wa soko, katikati ya fundi viatu na mama wa mitumba. Akaweka meza, kipima umeme, na ndoo ya maji yenye mfuniko chini ya meza. Ndoo ile haikuwa ya kunawa. Niliwahi kunawa, siku moja, nikitoka kula maembe. Alinitazama mpaka nikaikausha mikono kwenye shati langu jipya, kisha akanituma bombani niijaze tena, pomoni, mimi mtu mzima mwenye mke na watoto, huku fundi viatu anacheka mpaka anashika mbavu.

"Hiyo ni ya moto," alisema nilipoirudisha.

"Nilidhani moto wa betri unazimwa kwa mchanga, Mama."

"Mchanga unaufunika. Betri inaunguzwa na joto lake lenyewe la ndani, itaendelea kuiva huko huko chini ya mchanga. Maji ndiyo yanaipooza. Maji mengi, umesimama mbali, na umeshakata umeme. Ukisahau hilo la umeme, nitakuja kuimba kwenye mazishi yako."

Na angeimba kweli. Alikuwa kwenye kwaya ya usharika wao, sauti ya pili, na sauti yenyewe ilikuwa nene kuliko ya wanaume wengi.

Mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima. Sisi watu wa mlima ndio tuliomweka mjini, maana kazi yetu yote ni betri: taa za kichwani, simu za upepo, pawabenki, kamera za wageni. Halafu ikaingia vepu, ile sigara ya umeme. Wageni wakishuka salama huwa wanagawa vitu, buti kwa huyu, koti kwa yule, na safari moja mgeni akampa mpagazi vepu yake. Msimu uliofuata kila kijana alitaka ya kwake, na asiyepewa aliitafuta mjini. Mimi mwenyewe nilikuwa mvuta sigara wa pakiti nzima kwa siku. Nikahamia kwenye vepu, nikajiona nimeokoka. Nilikwenda kumwonyesha Mama Maabara, nikitegemea pongezi.

"Umehama chumba," alisema. "Nyumba ni ile ile."

Alichukia moshi wa kila aina. Vijana wasiovuta waliokuja kushangaa vile vidude mezani aliwafukuza kwa maneno yale yale kila mara: "Kama huvuti, usianze. Hakuna utakachokipata humu." Lakini wenye navyo aliwatengenezea, tena kwa uangalifu kuliko alivyotengeneza redio ya mchungaji. Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika na kitu asichokipenda.

"Mtu ameshaamua kuunguza mapafu," alijibu, "nimwache aunguze na suruali?"

Huku akisema hivyo, aliingiza vidole kwenye pindo la kitenge akatoa kikopo chake cha ugoro. Ndiyo, alinusa ugoro. Kila saa nne na kila saa tisa, bila kukosa, kisha chafya tatu zilizosikika mpaka kwa wauza nyanya. Nilipothubutu kumwambia kwamba na huo ni tumbaku, alinijibu bila aibu hata kidogo: "Huu hauna chaja, baba." Na mazungumzo yakafungwa hapo. Sijawahi kuona mtu mwenye msimamo mkali kiasi kile aliyejisamehe upesi kiasi kile.

Alikuwa na maswali matatu. Kila mwenye betri aliulizwa, awe mzee wa kanisa au mpiga debe. Inalala wapi? Inakula nini? Nani anaiangalia ikila? Watu wa mjini walidhani anazungumzia ng'ombe, na kwa kweli alikuwa anazungumzia ng'ombe. Kwao Old Moshi alikuwa na wawili wa ndani kwenye kihamba, kati ya migomba na kahawa, na kwake betri ilikuwa mfugo. Ng'ombe wa ndani hajitafutii majani, atakula ulichomkatia. Ukimpa kibaya, kosa si la ng'ombe. Vivyo hivyo betri: ukiilisha kwa chaja ya kuokota, ukailaza mfukoni na sarafu, ukaiacha inakula wewe umelala, usije kusema betri mbovu.

"Mwenye mali ndiye mchungaji," alisema. "Aliyeitengeneza yuko mbali. Aliyekuuzia amehama kibanda. Umebaki wewe."

Kuna watu waliomkimbia kwa ajili ya maswali hayo. Mimi nilikuwa mmoja wao, na hapa lazima nieleze habari ya suruali.

Vepu yangu ilikuwa ya aina ile inayobeba betri ya kutoa na kurudisha, nene kama kidole gumba. Nilikuwa nimeiangusha kwenye mawe, betri ikabonyea kidogo ubavuni na ganda lake la plastiki likachanika karibu na kichwa. Nilimpelekea anibandikie ganda jipya. Akanusa, akavaa miwani, akaigeuza mara mbili, kisha akaiweka kwenye kopo la betri zilizokufa.

"Hii hairudi," alisema.

"Mama, inafanya kazi. Nimeitumia asubuhi."

"Imebonyea. Huko ndani kuna ngozi nyembamba inayotenganisha pande mbili. Sijui kama imepasuka, na wewe hujui."

"Lakini ni mali yangu."

"Ni yako. Na paja ni lako."

Niliondoka nimenuna. Jioni ile ile nikanunua mbili kwa muuzaji wa barabarani, moja ya kutumia, moja ya akiba. Ya akiba nikawa natembea nayo mfukoni.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na sherehe ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa shemeji yangu, Kibosho. Nilivaa suti. Tulikuwa tumeketi uani, supu ya mtori imeshapita, baba mkwe amesimama anatoa nasaha, ukimya umetanda. Mfukoni mle, pamoja na betri ya akiba, mlikuwa na funguo tatu za nyumba. Sikujua chochote mpaka niliposikia joto, kisha mlio kama wa chai inayochemkia kwenye jiko, kisha nikaruka. Niliruka, nikapiga mguu chini, nikazunguka. Wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani nimeguswa na nasaha. Mke wangu peke yake ndiye aliyeona moshi, akapiga kelele, na mimi nikaivua suruali ile mbele ya baba mkwe, mama mkwe, katekista na watoto wote wa komunyo wakiwa wamevaa nguo nyeupe.

Paja langu la kulia lina kovu la ukubwa wa kiganja. Madaktari walisema nimepona kwa sababu niliivua upesi. Wakwe zangu wanaposimulia kisa hicho, na wanakisimulia kila Krismasi, hawafiki kwenye kovu, huwa wanaishia kwenye suruali.

Nilipoweza kutembea nilikwenda Kiboriloni nachechemea. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "nilikuambia". Nilistahili. Mama Maabara aliacha alichokuwa anafanya.

"Funguo ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Zote chuma?"

"Zote."

Alinikalisha kwenye kigoda, akaomba aone bandeji. Halafu akasema maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwa mtu yule.

"Kosa ni langu nusu."

"Hapana, Mama, mimi ndiye..."

"Nisikilize. Nilikunyang'anya betri, sikukufundisha. Nilikuonyesha kwamba najua, basi. Ningekueleza kwamba hii ukiigusisha na chuma mfukoni inajimwaga yote kwa mara moja, ungeenda ukanunua na kiboksi cha plastiki cha kuifungia, ni kitu kidogo tu. Nilifanya kazi nusu, na nusu iliyobaki imekula paja lako."

Tangu siku hiyo hakumnyima mtu betri bila kumweleza kwanza kwa nini, hata kama foleni ilifika barabarani. Na siku hiyo hiyo, mimi bado niko kwenye kigoda, aliniuliza swali jingine.

"Watu wako mnachajia wapi vitu vyenu?"

Nilimwambia. Kampuni tunayofanyia kazi ilikuwa na stoo yake Kibosho, banda la mbao lililojengwa kuegemea nyumba ya mama mzazi wa bosi. Bibi huyo alikuwa hatembei tena. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa stoo. Ndani ya stoo kulikuwa na mahema, magodoro, mifuko ya kulalia, na juu ya rundo la mahema, mahali ambapo waya ulifika, ekstensheni moja yenye kila kitu: taa, simu, pawabenki, na vepu za vijana. Tulikuwa tunachomeka tunaenda kula. Wakati mwingine tulichomeka tukaenda makwetu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Jumamosi nakuja," alisema.

Alikuja kwa bodaboda, amevaa gauni la kwaya, kwa sababu alikuwa na mazoezi baadaye. Aliingia stoo, akaona ekstensheni juu ya mahema, akatoka, akaketi juu ya dumu uani. Wapagazi walikuwa wamejazana kumwangalia. Miongoni mwao alikuwepo Godlisten, mwanaume wa miaka thelathini hivi, mwenye nguvu za kubeba mzigo wa watu wawili na mdomo wa watu wanne. Akaona huyu bibi anafaa kuchekwa.

"Shikamoo, Mama. Umekuja kutufundisha kuchaji? Mbona hata bibi yangu anachaji."

Watu wakaangua kicheko.

"Marahaba," alisema Mama Maabara. "Bibi yako anachajia wapi?"

"Kitandani, chini ya mto. Asije akaibiwa simu."

"Analala peke yake?"

"Na wajukuu. Watatu."

Kicheko kilikatika chenyewe. Mama Maabara hakuongeza sauti. "Basi leo ukifika nyumbani," alimwambia, "msalimie. Umwambie kuna mama mwenzake anamwomba aiweke simu kwenye sakafu ya saruji, aichomoe kabla hajalala. Mwambie nimemwomba."

Kisha akasimama, akafundisha. Alifundisha kama zamani, kwa sauti ya chini, mkononi ana betri ya vepu aliyoikata kwa msumeno baada ya kuiua, yaani kuimaliza chaji yote, ili tuone matumbo yake. Alituonyesha ile ngozi nyembamba. Tulishangaa kwamba kitu chembamba vile, kama utando wa ndani ya yai, ndicho kinachosimama kati ya mtu na moto. Chaja ni ile iliyokuja na kifaa. Kilichovimba, kilichobonyea, kilichoingia maji, hakichajiwi tena. Vepu ukiiweka kwenye begi, izime kabisa, usije ukabonyeza kwa bahati mbaya ikajichemsha yenyewe humo. Usiitobe, usiifungue, usiiache juani kwenye kioo cha gari. Na kuchaji ni nje, chini ya upenu, kwenye saruji, kwenye sinia la bati, mbali na kitu kinachowaka. Ikiwaka, watu kwanza, kata umeme, simama upande upepo unakotokea, umwage maji mengi kwa mbali.

"Na la mwisho," alisema. "Aliyechomeka anakaa."

"Anakaa mpaka lini?" aliuliza Godlisten.

"Mpaka achomoe."

Hilo ndilo lililowaudhi. Mengine waliyameza. Lakini kukaa, mwanaume mzima, unatazama kijitaa cha kijani saa nzima, wakati wenzako wanakula! Wakampa jina: Mama Kaa Hapo. Godlisten alikuwa akimwigiza, amekunja uso, amevaa miwani ya kufikirika: "Inalala wapi? Inakula nini?" Hata bosi alinivuta pembeni akasema huyu mama anatuchelewesha. Mama Maabara alijua yote haya. Aliendelea kuja, wiki hadi wiki, anakagua sinia, ananusa moja moja. Akikuta kifaa kimechomekwa bila mtu, hakugombeza. Aliketi yeye. Mwenye kifaa akirudi na ndizi zake za nyama, alimkuta bibi wa miaka sabini amekaa badala yake kwenye joto, na aibu ya namna hiyo haina dawa. Baada ya miezi michache walianza kukaa. Kwa kunung'unika, lakini walikaa.

Ikaja siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, mlima umejaa wageni, na kesho yake tulikuwa tunapanda na kundi kubwa. Saa saba mchana vitu vyote viko kwenye sinia chini ya upenu. Godlisten ndiye aliyechomeka, na kimojawapo ilikuwa vepu yake mwenyewe, aliyokuwa ameanguka nayo siku chache nyuma wakati tunashuka, akasema haina neno. Jikoni walikuwa wamepakua kiburu, maharage na ndizi vimeiva pamoja, harufu inazunguka uani. Alinyanyuka.

"Aliyechomeka anakaa," nilimwambia, nikimtania, kwa sauti yake ile ile ya kumwigiza mama.

Akanitukana kidogo. Kisha akaketi.

Nilikuwa bado sijamaliza sahani nilipomsikia anapiga kelele: "Tokeni! Watu kwanza!" Niligeuka nikamwona ameshapiga swichi ya ukutani, anarudi nyuma, na kwenye sinia kuna kitu kinapiga mluzi. Halafu kikawaka. Haukuwa moto wa kuni, ulikuwa moto mweupe, kama wa mchomeleaji wa mageti, na ile vepu ikafyatuka ikagonga ukuta wa mawe wa tangi la maji, ikaanguka kwenye saruji ikiendelea kutapika cheche. Wawili wetu tulikimbia kumtoa bibi. Tulimbeba na kiti chake mpaka kwenye migomba. Aliuliza kwa Kichagga ni harusi ya nani.

Godlisten hakukimbia wala hakukimbilia moto. Alizunguka akasimama upande ule upepo unakotokea, moshi ukienda mbali naye, akanyanyua dumu la lita ishirini akamwaga kwa mbali, akaomba jingine akamwaga, na jingine. Ilizimika, ikawaka tena, akamwaga tena. Mwisho ikabaki inafuka mvuke tu. Hakuna aliyeigusa.

Kisha tukasimama wote tukitazama. Palikuwa na doa jeusi kwenye saruji, la ukubwa wa sahani. Basi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani tuliona mahema yamepangwa, mifuko ya kulalia imening'inia mpaka kwenye dari, na nyuma ya ukuta ule wa mbao, tulijua, kulikuwa na kitanda cha bibi, shuka bado limekunjuka vile alivyoliacha. Kila mmoja alikuwa anaiweka ile ekstensheni juu ya mahema, kichwani mwake, na kuona mengine.

Nilimpigia simu Mama Maabara. Alifika na aproni yake ya kibandani. Bosi naye alikuwa ameshafika, jasho linamtoka, anapeana mikono na kila mtu. Mama Maabara alimpita kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa Godlisten.

"Fungua mikono."

Akafungua.

"Macho. Niangalie. Moshi ule umeuvuta?"

"Hapana, Mama. Nilikaa upande wa upepo, kama ulivyosema."

Alikuwa amesahau kuigiza. Bosi akasogea, akasema kwa sauti ya mkutano: "Tumshukuru Mungu. Leo tumepata bahati kubwa sana."

"Mungu tumshukuru," alisema Mama Maabara. "Bahati, hapana. Usimwibie huyu kijana kazi yake. Huyu alikaa."

Halafu, kitu ambacho hatukuwahi kukiona, alicheka. Alicheka mpaka akainama, akashika magoti, akainuka, akaanzisha wimbo wa mavuno kwa ile sauti yake nene, na akacheza. Alicheza pale kwenye saruji, kuzunguka doa, na aproni yake, mikono juu. Mpishi akaitikia. Wapagazi wakaitikia. Bibi kule kwenye migomba akapiga makofi, kwa sababu sasa alikuwa na uhakika kwamba ni harusi. Mimi nina kovu langu na nilicheza nalo.

Jumapili yake Godlisten alipanda Old Moshi akiwa na jani la isale mkononi, kama kwetu anavyofanya mtu anayekwenda kuomba radhi. Mama Maabara alilipokea kwa mikono miwili, maana mila ni mila. "Nimekusamehe toka ile siku ya kwanza," alimwambia. "Sasa niambie, bibi yako ameitoa ile simu kitandani?" Alikuwa ameitoa. Na bosi alichinja mbuzi, akatuma nyama ya kidari iende kwake kwanza kabla ya mtu yeyote kuonja, kwa heshima.

Habari zikapanda na kushuka mteremko. Kampuni nyingine zikamwita. Akawa anakwenda na betri yake iliyopasuliwa, huku ana Godlisten pembeni, ambaye sasa alikuwa anasimulia vizuri kuliko sisi wote, akiongeza chumvi kwenye urefu wa moto. Mafundi wa simu sokoni wakaacha kuuza betri zilizobonyea, kwa sababu wateja wenyewe walianza kuzinusa mbele yao. Na wachache kati ya vijana wetu waliacha kabisa kuvuta. Mmoja alisema amechoka kukaa. Mimi niliacha pia, ila nilichukua muda kuliko ninavyopenda kukiri.

Mara ya mwisho kutoka naye ilikuwa mwaka uliopita. Alikuwa ameshafunga kibanda, magoti yanamsumbua. Katika maongezi ikajulikana kwamba mwanamke huyu, aliyezaliwa na kukua akiutazama mlima kila asubuhi, hakuwahi kuvuka lango lake. Tulimchukua. Godlisten alimbebea mwavuli na chakula, mimi nikamshika mkono, na tukatembea msituni polepole sana, tukisimama kila mbega alipopita juu ya miti, mpaka kwenye kituo cha kwanza, kwenye zile nyumba za mbao. Alifika kwa miguu yake. Aliketi kwenye benchi, uso umejaa jasho na furaha, akisalimiwa na kila aliyepita.

Kwenye benchi la pili walikuwa vijana kutoka Dar, wanapanda kwa mara ya kwanza, na mwongozaji wao alikuwa dada wa kampuni nisiyoifahamu. Kijana mmoja alikuwa na vepu mkononi.

"Oya dada, huko juu si kuna umeme wa jua? Nitachaji huko huko, fresh tu."

"Utachaji," alisema yule dada, "ila siyo ikiwa imetoka kulala kwenye baridi. Kule kuna barafu. Iweke kwanza ndani ya koti ipate joto la mwili, imezimwa, ndiyo uichomeke. Na ukichomeka unakaa nayo."

"Kwani ikichajiwa na baridi inakuwaje?"

"Huko ndani inajijengea vitu kama miiba midogo sana. Huvioni. Inafanya kazi vizuri tu, halafu siku nyingine, umeshasahau, vinatoboa ngozi ya ndani. Kuna mama huko Kiboriloni ndiye alituanzishia haya mambo ya betri, nasikia. Hili la baridi tumeliongeza sisi wenyewe huku juu."

Nilifungua mdomo kumwambia huyo mama ni yupi. Vidole vya Mama Maabara viliufunga mkono wangu kama koleo. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Mwanangu," alimwita yule dada. "Samahani."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hilo la baridi mimi sikulijua. Nieleze."

Yule dada akasita, akamwangalia bibi huyu mwenye kitenge na viatu vya raba, labda akajiuliza ana betri gani ya kumhangaisha. Kisha akatabasamu, akaja.

"Nianzie wapi, Mama? Betri yenyewe unaijua?"

"Anzia mwanzo," alisema Mama Maabara, na akasogea mpaka mwisho wa benchi ili mwalimu apate pa kukaa.